Nilivyoendelea kusoma baada ya shule kukatika

Ukikaa na watu wa mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inaposhusha mzigo, ukawa unaongea kwa mpangilio kidogo, unataja mwaka fulani, unaeleza kitu kikaeleweka, lazima atatokea mtu akuulize umesoma mpaka wapi. Mimi nikijibu form two wanabaki wananiangalia, alafu wengine wananipa pole. Makala hii naiandika kwa sababu ya hiyo pole. Siikatai, shule kukatika kunauma na mpaka leo kunaniuma, ila watu wanaitoa kana kwamba siku niliyoacha kuvaa sare na akili ilisimama hapohapo, na huku kanda ya ziwa kuna vijana wengi sana ambao wameshaamini hivo kuhusu wao wenyewe. Ninavyoona mimi, mtu aliyekatishwa shule amepokonywa vitu viwili, mda uliopangwa na mtu wa kumuuliza, na vyote viwili vinatafutika hata hapa Igombe, Mwanza, hata ukiwa kazi yako ni kuanika dagaa.

Mimi niliacha 2007. Baba alifariki mwanzoni mwa mwaka, niko form two shule ya kutwa, ada elfu ishirini kwa mwaka, na najua kuna mtu atasema elfu ishirini ndo nini, ila juu ya ada kulikua na michango, mlinzi, dawati, mitihani, viatu, na nyumbani kuna wadogo zangu na mama hana mtaji. Jioni moja mama akaniita akanieleza hali ilivyo, hakunificha kitu, nikamwambia nimeelewa mama. Ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne ilikuja kufutwa Januari 2016, wakati huo mimi nina chanja zangu mwenyewe za kuanikia dagaa na ninasomesha.

Ila kiukweli kuna jambo lilianza kabla ya hapo. Shule ya msingi miaka saba unafundishwa kwa Kiswahili, ukiingia form one masomo yote yanageuka Kiingereza isipokua Kiswahili chenyewe. Mda wote niliokaa sekondari nilikua nakopi notsi ubaoni na kukariri, naweza kuandika aya nzima ya baiolojia bila kukosea herufi na ukiniuliza inasema nini sina jibu. Mwalimu akitaka tuelewe kweli anatueleza kwa Kiswahili, alafu mtihani unakuja kwa Kiingereza. Kwa hiyo nilitoka shule na madaftari mengi mazuri, mwandiko wangu mwenyewe, na sikuweza kumweleza mtu hata ukurasa mmoja wa kilichomo. Nawaambia wale wanaodhani walifeli kwa sababu hawana kichwa, jaribuni kuliangalia hili kwanza.

Kilichonirudisha kwenye kusoma ni kitabu cha sayansi cha shule ya msingi cha mdogo wangu. Nilikichukua siku ya mbalamwezi sina kazi.

Kwa asiyejua kazi ya dagaa nieleze kidogo. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani zilikua karabai za mafuta ya taa, sa hivi wengi wanatumia taa za sola na betri. Taa zinaelea juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga, wavuvi wanawazungushia nyavu. Sasa mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima lina mwanga, taa haivuti kitu, dagaa wametawanyika, mitumbwi inapumzika. Ndo maana sisi mwezi tunauhesabu kwa giza na mbalamwezi. Wakati wa giza hulali, mitumbwi inaingia alfajiri, unagombania mzigo, unaanika, unageuza, ukiona wingu linatoka upande wa ziwani unakimbia kukusanya maana dagaa wakilowa mvua wanaharibika, unaishia kuwauza kwa bei ya chakula cha kuku. Mbalamwezi mwalo unapoa, wavuvi wanashona nyavu, wengine wanakunywa, sisi wanawake tunazunguka kudai madeni.

Siku hizo za mbalamwezi ndo zikawa za kusoma. Giza nasoma kidogo sana, labda ukurasa nikiwa nasubiri jua lipande. Mbalamwezi nasoma mchana kutwa. Hakuna aliyenipangia na wala sikukaa chini nikaandika ratiba, ila baada ya mda hata mama alishajua, akiniona na kitabu siku hizo hanitumi popote. Huo ndo mda uliopangwa ninaousemea. Kila kazi ya huku ina majira yake, mkulima wa pamba ana miezi yake, mtu wa bodaboda ana masaa ambayo abiria hakuna, mama ntilie ana kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja. Tatizo ni kwamba mtu anausubiri mda wa kama shule, asubuhi mpaka mchana, na huo haurudi.

Turudi kwenye kile kitabu. Nilikua nakiona cha watoto, nikakisoma taratibu, nikafika pale kwenye mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, maji na hewa. Ni mada ileile niliyoikariri sekondari. Nikaenda kuchukua daftari langu la zamani nikaliweka pembeni, mstari kwa mstari, huku Kiswahili huku Kiingereza, na nikaanza kuelewa maneno ambayo niliyaandika kwa mkono wangu. Sijui niielezee vipi furaha ile, nilimwita mama aje aone na mama wa watu akaja na mikono ina magamba ya dagaa akaniuliza kuna nini. Toka hapo nimeshika utaratibu mmoja, kitu kigeni nakitafuta kwa Kiswahili kwanza hata kama ni kitabu cha darasa la tano, nikishakielewa ndo naingia kwenye Kiingereza. Kuna watu wanaona ni kurudi nyuma. Mimi Kiingereza changu kimekua kwa njia hiyo, maana sentensi ngumu inafunguka haraka ukiwa tayari unajua inaongelea nini.

Mtu wa kumuuliza nilimpata hapahapa mwaloni. Kuna mzee wa Ukerewe anashona nyavu, wote tunamwita babu. Utotoni hakwenda shule kabisa. Kusoma alijifunza ni kijana tayari ana mke, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na hadithi yake ilinifanya nitafute historia yenyewe. Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kua Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Ukerewe ikawa moja ya wilaya chache zilizochaguliwa kufuta ujinga wa kusoma na kuandika kabla ya nchi nzima, lengo likiwa mwisho wa 1971. Kabla ya hapo, kuanzia 1968, kulikua na mradi wa majaribio wa UNESCO kwenye mikoa ya kanda ya ziwa, makao yake hapahapa Mwanza, na vitabu vyake vya kujifunzia vilitungwa kufuata kazi za watu, pamba, ng'ombe, uvuvi. Babu anakumbuka walikua wanakaa chini ya mti wakitoka ziwani, mwalimu wao kijana tu aliyemaliza shule ya msingi, na kitabu kinaongelea samaki na nyavu. Hebu fikiria hapo, mtu anajifunza herufi kwenye sentensi ya kukausha samaki na kukausha samaki ndo kazi anayoifahamu kuliko yeyote aliyekiandika hicho kitabu, kwa hiyo anapambana na herufi peke yake, maana yake anayo tayari. Mimi sekondari nilipambana na vyote viwili kwa pamoja.

Na waliona mbali, kwa ajili ya waliomaliza hayo madarasa kulikua na gazeti la kanda hii likiitwa Elimu Haina Mwisho, ili mtu asije akasahau kusoma kwa kukosa cha kusoma. Watu wazima wasiojua kusoma walikua zaidi ya nusu mwaka 1967, takwimu za serikali za 1986 zikaonyesha wamebaki chini ya asilimia 10. Yaani kizazi kizima cha watu kama babu walisoma wakiwa na nyavu mkononi, na leo kijana wa miaka ishirini ananiambia amechelewa.

Sasa huyu babu ndo alinifundisha kusoma mara ya pili. Nilikua nimekutana na habari kwamba ziwa letu limewahi kukauka, nikamfuata nikiwa na hamu ya kumshangaza.

"Babu, wanasema hapa palikua pakavu kabisa, miaka kama 15,000 iliyopita. Ziwa halikuwepo."

Akaendelea na sindano yake. "Wamejuaje?"

"Wanasayansi babu."

"Nimekusikia. Nakuuliza wamejuaje."

Sikua na jibu. Nilikua nimesoma, nimeamini, nimekuja kutangaza. Nikarudi kutafuta na ilinichukua mda mrefu kwa sababu maelezo yalikua ya Kiingereza kigumu na simu yangu ilikua ndogo, kamusi nimeishika mkono mwingine. Nikakuta kwamba walizamisha bomba mpaka kwenye sakafu ya ziwa wakavuta tope likiwa limepangika kama lilivyolala huko chini, tabaka juu ya tabaka. Chini ya tope laini wakakuta tabaka gumu la udongo uliowahi kukauka, na ndani yake alama za mizizi ya mimea. Mmea hauwezi kuotea chini ya maji ya kina kirefu vile. Umri wa matabaka wanaupima kwa aina fulani ya kaboni iliyomo kwenye mabaki ya viumbe, ambayo inapungua kwa kasi inayojulikana. Nikaenda kwa babu nikamweleza yote, akaweka wavu chini akanisikiliza, mwisho akasema sawa, hao walichimba, na hilo tope laini hata mimi nalijua, linapanda na nanga.

Kwa hiyo siku nyingine nikamletea habari ya sangara, kwamba aliletwa ziwani miaka ya hamsini kutoka maji mengine, akaongezeka sana miaka ya themanini, na furu, samaki wadogo ambao walikua mamia ya aina, takriban aina 200 zinakadiriwa zilipotea. Nikamwambia walikuepo watafiti wa Uholanzi, wa chuo cha Leiden, walikua wanafanya kazi kwenye ghuba yetu hii ya Mwanza toka mwishoni mwa miaka ya sabini, wakawahesabu furu kabla na baada, kwa hiyo safari hii nilikua na jibu la wamejuaje kabla hajauliza. Babu akacheka. "Hiyo usinisomee binti, nilikuepo." Akaanza kunitajia furu wa kwenye mawe, furu wa kwenye mchanga, anayekula konokono, anayebeba watoto mdomoni, kila mmoja na jina lake, na mengine hayo majina alisema hajayatamka siku nyingi. Nilichukua daftari nikayaandika yote. Watafiti walikua na yao na babu alikua na yake, na kwa sehemu kubwa vinafanana.

Lile swali limenisaidia kuliko kitu chochote nilichowahi kuambiwa darasani. Nikisoma kitabu cha historia najiuliza wamejuaje, nani alikuepo, nani aliandika. Ikiingia meseji WhatsApp kwamba majani fulani yanatibu sukari, wamejuaje, walijaribu kwa watu wangapi, nani alipima. Sipati jibu kila mara ila nikikosa jibu nakiweka pembeni, sikitangazi.

Babu huyohuyo ndo alinitajia Aniceti Kitereza, mtu wa kwao. Kitereza alizaliwa 1896, akasomeshwa na wamisionari mpaka seminari ya Rubya huko Kagera, akarudi Ukerewe akaandika riwaya ndefu kwa Kikerewe kuhusu maisha ya watu wa kisiwani kabla hayajavurugika. Aliimaliza 1945. Hakupata wa kuichapa. Baadae sana akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka 1980 kama Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, na 1981 akafariki kabla vitabu havijamfikia mkononi. Miaka thelathini na tano mtu amekaa na kazi yake ndani ya nyumba, kisiwani, na hakuitupa. Nilikua nikichoka namfikiria. Nilikisoma kwa mbalamwezi kadhaa, ni kikubwa, kinaenda polepole, mke anachukuliwa na wazazi wake kwa sababu hawajapata mtoto na mume anaenda kumrudisha, na katikati ya hayo unafundishwa kila kitu, pombe ya ndizi inavyotengenezwa, mgonjwa anavyotibiwa, mtu anavyopokelewa ugenini. Nilikua nasoma kipande namsomea babu, na babu anasema hapo kweli kabisa, au anasema sisi upande wetu tulifanya tofauti. Sijawahi kuwa na darasa zuri kama lile.

Vitabu vingi nimevipata maktaba ya mkoa, pale mjini. Watu wanapita nje yake kila siku na wanadhani ni ya wanafunzi. Sio ya wanafunzi peke yao, unaingia, unajiandikisha, unakaa. Sheria ya kuanzisha Bodi ya Huduma za Maktaba ni ya 1963 na maktaba kuu ya Dar ilifunguliwa Desemba 1967, na mimi nikifikiria nchi ina miaka miwili ya uhuru, haina barabara, haina madaktari, ikakaa kutunga sheria ya maktaba, naona ni deni tunalo. Mara ya kwanza kwenda nilivaa nguo ya kanisani kwa kuogopa nitanukia dagaa. Mama mmoja wa pale akaniuliza natafuta nini, nikasema sijui, akanizungusha rafu kwa rafu mpaka nikajua. Nauli toka Igombe na siku nzima bila kazi sio kitu kidogo, ndo maana mimi naamini kila mwalo wenye ofisi ya BMU, kile kikundi cha kusimamia mwalo, ungekua na kabati moja la vitabu pale. Sio mradi mkubwa, ni kabati na mtu mmoja wa kutunza funguo.

Hisabati sasa, hapo kusoma peke yako kunagoma. Hadithi ukikosa neno unaendelea na mbele utaelewa, hesabu ukikosa mstari mmoja yote yaliyobaki ni giza tupu. Biashara nilikua naipiga kichwani vizuri tu, dagaa wabichi kiasi hiki wakikauka wanabaki kiasi hiki, gunia likifika mjini faida ni hii, ila aljebra ilinisumbua mpaka alipokuja kukaa kwetu mtoto wa dada yangu, yuko form three. Tulikubaliana usiku ananifundisha yeye. Huyu mtoto ana subira sijawahi kuona. "Mama mdogo, hapo umeruka hatua." Kila siku hivo, mama mdogo umeruka hatua, ananirudisha juu ya ukurasa. Na yeye hesabu zake zikapanda shule, kwa sababu kumfundisha mtu mzima anayeuliza kwa nini kila dakika kunakulazimisha uelewe mwenyewe. Wenye watoto sekondari nyumbani, mna mwalimu mnamlisha tayari.

Kuhusu cheti niseme wazi. Nilifanya QT, ule Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani ambao ukifaulu unaruhusiwa kukaa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na nikaendelea mpaka huo wa kidato cha nne. Nashauri kila anayeweza afanye. Muhtasari wa masomo ulinionyesha mashimo niliyokua nayo, maana ukisoma mwenyewe unasoma unachokipenda, nilikua najua mambo ya ziwa na historia mpaka basi na sijui chochote kuhusu umeme. Na kuna milango, uuguzi, ualimu, ajira, haifunguki bila kile cheti, anayekwambia hakina maana mara nyingi ni mtu ambaye anacho. Kinachoniuma ni pale mtu anaponiona na kitabu leo, mtihani nimeshamaliza, ananiuliza sasa unasomea nini tena. Nasoma kwa sababu nataka kujua. Wanawake wenzangu mwaloni walianza kwa kuuliza hivohivo, sa hivi mbalamwezi ikifika kuna wanaokuja kukaa na mimi, mmoja hakumaliza la nne, nasoma kwa sauti na yeye anafuatisha kwa kidole, na juzi alinikatiza katikati akauliza wamejuaje.

Kwa sasa niko kwenye umeme, lile shimo nililolisema. Mpwa wangu kaniachia kitabu cha fizikia cha form three, nikitafuta cha Kiswahili cha kwenda nacho sambamba sijakipata kinachofika mbali, kwa hiyo kama unacho au unajua kilipo niandikie hapo chini. Nimefika kwenye saketi. Michoro naielewa lakini sijaamini kama nimeelewa kweli, na fundi wa taa za sola hapa mwaloni kakubali mitumbwi ikipumzika anifungulie taa moja mbovu tuangalie waya unatoka wapi unaenda wapi. Babu kasema na yeye anakuja.